Maua ya Darini

Hakuna mtu pale Wierzbiny aliyelijua anga kama Apolonia, na hakuna aliyelichukia kama yeye. Sisi wengine tuliona wingu ndipo tukaanua nguo. Yeye alianua wingu likiwa bado halijazaliwa. Mbayuwayu hawajaanza kuruka chini, ng'ombe wanakula kwa amani yao, na Apolonia alikuwa ameshachomoa waya wa televisheni, ameshafunga madirisha, ameshageuza kioo kitazame ukuta, na amesimama jikoni akifuta kwenye aproni mikono ambayo haikuwa na maji. Watu walimcheka. Walisema ukitaka kujua kama nyasi zitakauka leo, chungulia madirisha ya Apolonia. Walicheka, lakini kuchungulia walichungulia.

Na ilikuwa hofu hasa, si mazoea ya kizee. Nimemwona mara moja dukani radi ikilia mbali, upande wa ng'ambo ya mto Narew, mbali kiasi kwamba muuzaji hakuinua hata kichwa. Apolonia aliacha mkate wake juu ya meza ya duka akatoka, uso mweupe, midomo ikitikisika, akaenda nyumbani mbio na miguu yake ile ya mwanamke wa makamo. Mkate alipelekewa baadaye. Hakuna aliyethubutu kumtania siku ile.

Jambo la pili lililompa jina ni maua. Kwetu, upande huu wa mashariki wa Poland, kila mwaka katikati ya Agosti, sikukuu ya Bikira Maria wa Mimea, kila nyumba hupeleka kanisani fungu la maua na majani: mnanaa, pakanga, vichwa vya mipopi, masuke ya ngano, yale maua ya manjano yanayofanana na vifungo, na chochote kilichochanua kwenye bustani. Padri huyanyunyizia maji ya baraka. Fungu hurudi nyumbani, hukaushwa, na hukaa mwaka mzima. Radi ikianza kupiga, unavunja kichwa kimoja au viwili unatia kwenye moto wa jiko, moshi unapanda juu, na nyumba inasalimika. Hata wale vijana wanaojidai hawaamini wana fungu lao mahali fulani nyuma ya kabati, ukitafuta vizuri.

Ila fungu la mtu wa kawaida huvunda au hupukutika kabla ya Krismasi. La Apolonia lilidumu. Alichuma adhuhuri, umande ukiwa umekwisha kabisa, na alichuma ua kabla halijafunguka lote, kwa sababu ua huendelea kufunguka hata likiwa limekatwa, na likifunguka mno linajimwaga. Aliondoa majani ya chini. Alifunga mafungu membamba, hewa ipite katikati, na fundo lake lilikuwa la kuteleza ili alikaze tena shina likishasinyaa. Kisha aliyaning'iniza vichwa chini, gizani. Jua hula rangi, alisema, na unyevu hula mengine yote. Kwa hiyo alitafuta giza lenye joto, na giza lenye joto ndani ya nyumba ya mbao liko mahali pamoja tu: darini, kando ya dohani, pale bomba la matofali linapopita kutoka jikoni kwenda juu ya paa.

Ungepanda ngazi ile ukachungulia, ungeshangaa. Manjano ya miaka mingi iliyopita bado ilikuwa manjano. Buluu ilikuwa buluu. Mafungu yalijipanga kwenye kamba kuanzia kwenye dohani mpaka kwenye kijidirisha cha pembeni mwa paa, na yalipokosa nafasi kwenye kamba yalilala kwenye masanduku, na masanduku yalipojaa yalilala kwenye magunia. Maana kitu kilichobarikiwa hakitupwi. Hakitiwi kwenye mbolea, hakipewi mbuzi. Kinachomwa tu. Wenzake walipoleta fungu jipya walichoma la zamani wakaoka mkate kwa moto huo, habari ikaisha. Apolonia hakuchoma la zamani. Alisema litakuja kuhitajika siku radi itakapokuwa kubwa.

Sasa nieleze alivyofika hapo, maana bila hilo utamwona kichaa, na hakuwa kichaa.

Alipokuwa mtoto wa darasa la kwanza walikaa mwisho wa kijiji, kwenye nyumba ya paa la nyasi chini ya mwaloni mkubwa. Siku moja ya joto, baba yake yuko mabondeni anafyeka, dhoruba ilikuja ghafla. Mama yake, Wiktoria, alikimbilia ng'ombe malishoni. Mlangoni aligeuka akamwambia Apolonia, "Kaa na mdogo wako. Radi ikianza tia maua jikoni. Tia yote, usibakize." Mdogo wake aliitwa Celinka, na alikuwa bado anasema maneno nusunusu.

Radi ikaanza. Apolonia akatia ua, akatia jingine, na kila ngurumo ilipokuja alitia konzi zima, mpaka jiko likawa linavuma. Celinka aliogopa mvumo ule akakimbilia darini akajichimbia kwenye majani makavu, mahali pake pa kujifichia siku zote. Katika fungu lile kulikuwa na ua moja la waridi-waridi, lile la majani magumu lisilonyauka, dogo kama kitufe. Lilikuwa zuri. Apolonia akalitia mfukoni. Akayatia mengine yote, hilo akalibakiza.

Muda si muda paa lilikuwa linawaka. Jirani alimvuta Apolonia nje kwa nywele. Celinka hakuna aliyemfikia.

Kijiji kizima kilisema ni radi. Ingekuwa nini kingine, siku kama ile? Mama yake hakumpiga wala hakumlaumu. Alimuuliza swali moja tu, siku walipotoka makaburini. "Ulitia yote?" Na Apolonia, mkono uko mfukoni, akajibu, "Ndiyo, mama."

Ukibeba kitu kama hicho tangu utoto hutakiweka chini. Aliamini kwamba radi ilipita kwenye ule upenyo mdogo aliouacha yeye, upenyo wa ua moja. Ndiyo maana alikausha kama anayejiandaa kwa vita, na ndiyo maana dari lake lilijaa. Na lile ua la waridi-waridi bado alikuwa nalo. Lilikaa nyuma ya picha ya Bikira Maria chumbani, kavu, na rangi yake imekataa kuondoka. Hakumwambia mtu, isipokuwa mumewe, na huyo alimwambia mara moja tu, wangali wachumba.

Mumewe alikuwa Klemens, mkata miti, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Sasa mabega yalikuwepo lakini upande mzima wa kulia haukumtii tena. Kiharusi kilimlaza, na alilala kwenye chumba kilicho karibu na jiko, kitanda chake chini kabisa ya dari lile la maua. Watoto wao walikuwa mijini. Apolonia alimgeuza, alimlisha, alimnyoa, na alimgombeza akikataa uji.

Majira ya joto yale alikuja msafisha dohani, Bogumil, na baiskeli yake na brashi zake na koti jeusi lenye vifungo vya shaba. Kwetu ukimwona msafisha dohani unashika kifungo upate bahati. Klemens alimwita kitandani.

"Sogea nikushike kifungo, kijana."

"Shika, mzee, ila usikinyofoe. Mke wangu ameshasema kingine kikipotea nitalala nje na brashi zangu."

"Nina mkono mmoja tu. Nitanyofoa na nini?"

Wakacheka, Bogumil akapanda darini. Aliposhuka hakuwa na mzaha tena. Alifuta masizi kwenye viganja taratibu, kama anayetafuta pa kuanzia.

"Mama, kule juu kuna nini?"

"Maua," alisema Apolonia.

"Naona ni maua. Nauliza ya nini yote yale. Unafungua duka?"

"Yamebarikiwa. Hayatupwi."

"Sijasema utupe. Dohani yako ina ufa, mama. Nimeingiza kidole hiki chote. Na mafungu yako yamegusa tofali palepale kwenye ufa. Mimi nimeingia ghala nyingi za nyasi, sijaona kikavu kama kile."

"Hayo ndiyo yanayoilinda nyumba hii."

"Basi yailinde kutoka kwenye banda la kuni." Bogumil alishusha sauti, akaonyesha chumbani kwa kidevu. "Nitarudi na matofali mavuno yakiisha. Kwa sasa usiwashe moto mkubwa, na yale yote uyashushe. Leo, si kesho. Mfikirie huyo. Yeye hawezi kuruka dirishani."

Apolonia aliitikia. Alimpa maziwa ya mgando na viazi, akamsindikiza mpaka getini.

Usidhani alipuuza. Maneno yale yalimwingia mpaka kwenye mifupa, akalala nayo akaamka nayo. Kila asubuhi alipanda darini na kikapu, na kila asubuhi alishuka na kikapu kitupu. Alishika fungu alishushe, mkono ukagoma. Akiyapeleka kwenye banda, banda ndilo litakalolindwa, nyumba itabaki uchi. Akiyachoma uani siku ya jua, atakuwa amepoteza yote, na kesho dhoruba ikija atasimama mbele ya jiko na ua moja mkononi. Hilo aliliota. Alikuwa na hofu mbili sasa, moja juu ya kichwa na nyingine nje ya dirisha, na ile ya nje alikuwa ameijua zaidi.

Akafanya kile mtu hufanya asipoweza kufanya linalotakiwa. Alikanda udongo wa mfinyanzi na makapi, akapanda, akauziba ufa, akaulainisha kwa kidole chenye maji mpaka ukapendeza.

"Umeyashusha?" Klemens alimuuliza jioni.

"Nimeziba ufa."

"Sikuulizi ufa."

"Kunywa uji."

"Apolonia, mimi ndiye ninayelala chini ya vitu vile. Ninayasikia. Upepo ukiingia yanachakarisha kama panya."

"Yanakulinda."

Klemens alitazama mbao za dari. Alitaka kusema jambo, ilionekana wazi, kisha akafungua mdomo na kunywa uji.

Udongo ulikauka siku zilizofuata. Udongo ukikauka kwenye tofali lenye moto hufanya nini, kila mtu aliyewahi kusiliba jiko anajua. Apolonia naye alijua. Lakini hakupanda kuangalia, kwa sababu aliogopa atakachokiona.

Dhoruba ilikuja mwisho wa Julai, alasiri. Tangu asubuhi hewa ilikuwa nzito, nzi wanauma, na Apolonia ameshachomoa kila kilichochomoleka. Kabla tu ya mvua, jirani yake Teofila aliingia bila kubisha, kitambaa cha kichwani kimekwenda upande.

"Nipe kichwa kimoja cha manjano, haraka. Changu panya wamekimaliza."

"Ningekuonyesha kuning'iniza vichwa chini wasingefika."

"Vichwa chini, vichwa juu, panya wangu mimi wametoka kwenye sarakasi. Nipe, mwanamke, linakuja hilo."

Apolonia alimkatia. Teofila alilitazama anga, akamtazama na mwenzake, akaona jasho jembamba kwenye mdomo wa juu.

"Utaweza peke yako?"

"Nina Klemens."

"Mzee, muangalie mkeo," Teofila alisema kuelekea chumbani, akatoka mbio, matone ya kwanza yakimpiga mabegani.

Kisha kukawa giza mchana. Ngurumo ya kwanza ilikuwa ya mbali, ya pili ikawa ya karibu, na ya tatu ilitikisa vikombe kabatini. Apolonia alipiga magoti mbele ya jiko. Moto ulikuwa mdogo, alikuwa amemtii Bogumil katika hilo. Akatia ua moja. Akasema sala yake. Anga likapasuka juu ya paa, mwanga ukaingia hata kwenye nyufa za mbao, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kikapu cha maua kando yake ukachota konzi. Akatia. Jiko likavuta pumzi. Akatia tena. Alikuwa si bibi wa mtu tena, alikuwa mtoto wa darasa la kwanza, na sauti mlangoni ilikuwa inamwambia tia yote, usibakize. Akatia kikapu kizima, na jiko likaanza kuvuma.

Ni mvumo ule uliomsimamisha. Hakuwa ameusikia tangu siku ile, maana miaka yote hakuwahi kuogopa kiasi cha kutia kikapu kizima. Na baada ya mvumo ikaja harufu. Haikutoka jikoni. Ilitoka juu, tamu, ya mnanaa na pakanga vinavyoungua polepole mahali palipofungwa. Alisimama na mdomo wazi. Aliijua harufu ile. Aliijua kabla ya kujua ni ya nini.

"Apolonia," Klemens aliita kutoka chumbani. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Kuna vumbi linaniangukia usoni. Lina moto."

Alipanda ngazi bila kujua anapanda. Darini moshi ulikuwa umeshika kimo cha kifua. Kwenye dohani, pale aliposiliba, udongo ulikuwa umebanduka kipande kizima, na ufa ulikuwa unatema cheche kila jiko lilipovuma. Fungu la kwanza lilikuwa limeshakwisha. La pili lilikuwa linatambaliwa na wekundu kutoka kichwa hadi kichwa, bila haraka, na ghafla likawaka lote. Baada yake kulikuwa na kamba nzima, na masanduku, na magunia, miaka yote ya maisha yake imejipanga mpaka dirishani.

Aliganda. Sitaki kumpamba, aliganda kabisa. Alifikiria kushuka akimbie. Alifikiria kitanda na mwili ule mzito ambao hata kuugeuza humchukua pumzi zote.

"Tupa nje," Klemens alisema kutoka chini. Alikuwa anasikia kila kitu kupitia kwenye mbao. "Dirishani. Tupa yote."

"Nikifungua dirisha radi itaingia."

"Radi iko nje, Apolonia. Moto uko ndani."

Kwetu hakuna anayefungua dirisha wakati wa radi. Tunaambiwa upepo unaivuta. Yeye hakuwahi kufungua hata mlango. Alipiga moyo konde akaenda, akasukuma kile kijidirisha, na mvua ikampiga usoni, na mbele yake anga lote likawa jeupe na mwaloni wa mwisho wa kijiji ukaonekana wazi kama mchana. Alipiga ukelele ambao Teofila aliusikia kwake. Lakini mikono ilifanya kazi. Aliikata kamba, akakumbatia mafungu yaliyokuwa yanawaka, akayasukuma nje. Alitupa masanduku. Aliburura magunia. Maua yaliyobarikiwa yalianguka kwenye matope ya uani, ya mwaka juzi na ya miaka ya watoto wake na ya mwaka wa harusi yake, na kila ngurumo alisema "samahani" na kutupa tena. Kisha akashuka, akachukua ndoo, akapanda, akamwagia dohani, akamwagia mbao, akashuka akamwagia jiko lenyewe likafoka na kuzima.

Teofila alifika amelowa, akakuta hakuna cha kufanya. Alimfunga Apolonia viganja kwa kitambaa chenye siagi, akimsema kwa nini hakuita, kisha akaketi kwenye gogo la jikoni akalia yeye.

Teofila alipoondoka mvua ilikuwa imetulia. Apolonia alikaa ukingoni mwa kitanda. Usoni mwa Klemens kulikuwa na majivu, akamfuta.

"Harufu ilikuwa ileile," alisema.

"Ipi?"

"Ya siku ya Celinka. Ile harufu ilitoka juu kabla ya kitu chochote. Kabla ya kishindo. Nimeikumbuka leo. Hakukuwa na kishindo, Klemens. Mimi nilitia, jiko likavuma, na harufu ikatoka juu."

Klemens aligeuzia macho mbao za dari. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unapapasa blanketi.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Ule mwaloni. Tulipokuwa wachumba tajiri wa mbao alitaka kuununua, akanituma niukague. Niliukagua kuanzia mizizi, nikapanda mpaka nilipoweza. Mwaloni ukipigwa na radi unabaki na mstari mpaka unakufa. Ule hauna. Hauna hata alama ya radi. Na nyumba yenu ilikuwa chini ya matawi yake. Radi haiwezi kuuruka mti kama ule ikaenda kutafuta paa la nyasi."

"Umelijua hilo tangu tukiwa wachumba."

"Ndiyo."

"Ukanyamaza."

"Ulikuwa unaogopa mbingu. Nikasema, mbingu iko mbali, ataishi nayo. Ningekuambia, ungejiogopa mwenyewe, na mwenyewe ungejikimbia uende wapi?"

Apolonia alikasirika. Nashukuru kwamba alikasirika, maana alistahili. Alisimama akaenda mpaka mlangoni akarudi. "Umeniacha nijaze dari juu ya kichwa chako mwenyewe."

"Ndiyo," alisema Klemens. "Kila mwaka nikasema nitamwambia. Kisha nikawa muoga kuliko wewe."

Apolonia aliinama. Alimgeuza, akamlalisha ubavu, akamfunika vizuri, viganja vikimuuma.

Bogumil alikuja bila kusubiri mavuno, akajenga sehemu ile ya dohani upya, akatazama uani yale matope ya rangirangi. Kilichokauka Apolonia alikichoma palepale uani, siku ya jua kali, mchana kweupe. Tulimwona kutoka barabarani. Alisimama mbali na moto na ndoo mkononi mpaka cheche ya mwisho ikafa.

Agosti alienda kanisani na kifungu chembamba kiasi cha kushikwa na vidole viwili. Wanawake walitazamana. Baada ya misa hakurudi na wenzake. Alipita upande wa makaburi, mahali Wiktoria na Celinka wamelala pamoja, na kutoka kwenye kitabu cha sala, alimolitia asubuhi ile, akatoa lile ua la waridi-waridi. Katika maua yote ya siku aliyokufa Celinka, hilo peke yake halikumdhuru mtu. Alikuwa ameliogopa maisha yake yote.

"Mama," alisema, "sikutia yote. Moja nilibakiza."

Akaliweka juu ya jiwe. Mbali, ng'ambo ya mto, ilisikika ngurumo ndogo. Bega lake lilishtuka, kwa mazoea, lakini alibaki pale akamalizia sala. Ndipo akakumbuka kwamba supu ya Klemens iko jikoni na moto hakuuzima. Rangi ikamtoka usoni, na akaondoka mbio kuelekea nyumbani, bila kutazama juu.